Mtoto Niliyemwandika Yatima

Nakumbuka asubuhi moja kule Kanyaruchinya, mwanangu. Nakusimulia kwa sababu nimesikia umepata bourse, ufadhili wa kusomea kazi ya jamii. Mimi nami nilisoma kwa fedha za watu nisiowajua hata sura. Nilikuwa mwaka wa pili wa chuo, viatu safi, kalamu mbili mfukoni, na kiburi ambacho hakikuenea mfukoni.

Nilikuwa kwenye mazoezi ya kazi katika kambi ya waliokimbia vita. Nilipewa fishi, zile karatasi za maswali, nizunguke nazo hema kwa hema. Wenzangu walirudi na majina ya wagonjwa na vikongwe. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mtu wa bourse, nilitaka kurudi na jambo zito kuliko lao. Ni aibu kusema, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Nikafika kwa mama mmoja wa Rutshuru, anachambua maharagi mlangoni mwa hema lake la shitingi, yale maturubai ya msaada. Mtoto wa kike wa miaka minne hivi alikuwa ameshika kitenge chake. Yule mama kambi nzima ilimwita Mama Neema, kwa jina la mtoto huyo. Akanipa kiti, nacho kilikuwa kimoja tu, yeye akakaa chini.

"Weye ndjo ulimuzala?" nikamuuliza.

"Hapana. Mukubwa yangu ndjo alimuzala, akakufa. Neema ni mutoto yangu."

Mwanangu, nilimwelewa vizuri kabisa. Kwetu mtoto wa dada yako ni wako, na hakuna anayefundishwa hilo shuleni. Lakini fishi ilikuwa na kisanduku cha aliyezaa, na kingine cha mtoto aliyebaki peke yake. Cha anayelea hakikuwepo. Nikatia alama kile cha pili, nikaandika "yatima, hana mzazi", nikapiga na mstari chini yake, huku mzazi amekaa mbele yangu. Mkubwa wangu wa kazi alinisifu mbele ya wenzangu, nami nikacheka kwa furaha.

Siku ya tatu nilirudi kambini. Mama Neema alikuwa amesimama njiani, kidumu kimemponyoka, maji yote yanapotelea kati ya mawe meusi ya volkano. Alikuwa ametoka kuchota maji na kukuta majirani wanalia: gari lilikuja na karatasi yenye jina la Neema, likampeleka mjini kwenye kituo cha yatima. Hakunipigia kelele.

"Dada," akaniuliza, "uliandika nini?"

Hata kidumu chake sikukiokota.

Nilikimbilia nyumbani nikafarijiwe na mama. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka mchi chini.

"Na weye sikukuzala," akasema polepole. "Mama yako alikuacha na miezi tisa. Kama siku ile mwanafunzi mumoja angekuya hapa na fishi yake, miye ningekuwa nani?"

Hilo nililijua maisha yangu yote. Niliyemwita mama ni mdogo wa mama yangu, aliyenibeba mgongoni akiuza sambaza, vile vidagaa vya ziwani, sokoni. Na bado kalamu yangu ilimfuta pamoja na Mama Neema. Nilijistaajabia, mwanangu. Ni elimu gani hii inayomsahaulisha mtu mgongo uliombeba?

Mama akavaa kandambili. "Twende," akasema, wala hakuniambia pole. Tukampitia Mama Neema, tukaenda kituoni sote watatu, mkubwa wangu yule yule aliyenisifu akaitwa, nami nikakiri kosa mbele yake. Kuandika kulinichukua dakika moja. Kufuta kulituchukua siku kumi na moja za kukaa kwenye benchi. Neema alirudi, Mungu ashukuriwe, lakini gari likipita kwenye barabara ya Kibati, ile ya kando ya kambi, alijificha nyuma ya mama yake. Na kila aliponiona nimeshika kalamu, alilia.

Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ule wa Mama Neema niliuona mwepesi kwa sababu haukuwa begani kwangu. Walisema tena kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali zote mbili nilizijua kwa moyo, tena nilizipenda.

Basi, mwanangu, kabla hujaandika mtu hana nini, uliza ana nani. Uliza mtoto akipata homa anamlilia nani. Karatasi ikikosa nafasi ya jibu hilo, liandike pembeni, hata kama utakaripiwa. Na ulichoandika, msomee mwenyewe kabla hujainuka kwenye kiti chake. Ukiona huwezi kumsomea usoni, usikiandike.

Nenda ukasome. Mungu akupe mkono usio na haraka, na siku utakapoishiwa nguvu, usikose mgongo wa kukubeba.