Balkoni Iliyotazama Kwetu

Kaka yangu anayeishi Kanada ndiye aliyeiona ile nyumba kwanza, kwenye simu, akaipenda kabla sisi hatujajua kama ipo. Ghorofa ya nne, mjini Bujumbura, vyumba viwili, vyombo vyote ndani mpaka vijiko na taulo, kiyoyozi, lifti, mlinzi langoni. Mama alikuwa anaumwa ini, daktari wake alikuwa huko ng'ambo ya mpaka, na kila safari ya kutoka kwetu Uvira ilimchosha vibaya. Kaka akaikodi, akasema mama yake hatalala tena kwenye joto na kungoja maji ya bomba. Kilichomfurahisha zaidi ni balkoni: ilitazama ziwa, na upande wa pili wa ziwa milima yetu. Akasema mama atakuwa anaona kwao kila siku. Mtu mzima mwenye akili zake alisema hivyo, na mimi nikaitikia.

Siku ya kwanza mama alikaa pembeni mwa kochi jeupe, mkoba wake mapajani, akauliza mwenye nyumba atakuja saa ngapi tumsalimie. Nilimweleza kwamba haji, kwamba ufunguo tumeshapewa na nyumba ni yetu kwa muda. Hakuridhika. Kwake yeye, kulala kwenye shuka za mtu ambaye hujamwambia hata jambo ilikuwa aibu. Usiku akatandika kitenge chake juu ya zile shuka, ili asizichafue, na asubuhi akakikunja akakirudisha mkobani. Alifanya hivyo kila siku.

Mlangoni palibandikwa karatasi ya masharti kwa Kifaransa: kelele hapana, kuhamisha vyombo hapana, kupika vyakula vya harufu kali hapana, wageni wasizidi wawili. Nilipokaanga ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, siku ya tatu, kwa kuwa mama alizitamani, mpangaji wa jirani alipiga simu langoni. Nilizimwaga zikiwa nusu mbichi, nikamkaangia mayai. 

Lakini la wageni ndilo lililomuumiza. Kwetu mgonjwa hakai peke yake. Majirani huingia bila kubisha, huketi kitandani pake, humpaka mafuta miguuni, humsengenyea walio wazima mpaka acheke. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Akina mama wa kanisa walivuka mpaka kumtazama, watano, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwenye sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Mlinzi aliwaomba vitambulisho, akapandisha wawili na kuwaacha watatu chini juani. Wale wawili walivua viatu, wakakaa ukingoni mwa kochi kama waliokuja kuomba kazi, wakasali kwa sauti ya kunong'ona. Hawakurudi tena. Mama alisema mgonjwa asiye na wageni ameshazikwa, bado tu kumfukia.

Balkoni yenyewe aliipenda kwa siku mbili. Baadaye nikamkuta analia pale. Asubuhi, ukungu ukiondoka ziwani, aliona moshi unapanda kwenye miteremko na akaanza kukisia nani anachoma nini, nani amewahi shamba. Macho hayana pazia. Nikamsogeza kiti kielekee ndani, naye akakigeuza tena mwenyewe, kwa mikono ile iliyokuwa imebaki mifupa.

Sasa niseme lile ambalo sijamwambia mtu. Siku moja ya Ijumaa daktari aliniita pembeni. Akasema dawa za kumponya zimekwisha, imebaki ya maumivu tu, na hiyo naweza kumpa popote. Akasema, mrudishe nyumbani, akae na watu wake. Alisema polepole, kwa heshima, na akanitazama kuhakikisha nimesikia. Nilisikia vizuri sana.

Sikumwambia mama. Sikumwambia kaka. Nilirudi kwenye ile nyumba, nikafungua maji ya moto, nikasimama chini yake mpaka vidole vikanyauka. Nilikuwa na miaka arobaini na sita na kabla ya nyumba ile sikuwahi kuoga maji ambayo sikuyabeba. Kwetu Uvira zilikuwa zinaningoja ndoo, vumbi, meza yangu ya vitambaa sokoni, na nyumba iliyojaa watu ambao wangetaka kula. Nilijiambia mama anapumzika vizuri hapa. Uongo. Mimi ndiye niliyekuwa napumzika, na nilitaka juma moja zaidi.

Jumatano iliyofuata mama alinishika mkono. Hakuwa mtu wa kuomba, maisha yake yote aliagiza.

"Mwanangu, munirudishe kwangu," alisema. "Minye sitaki kufia mu nyumba ya bantu bengine."

"Tutaenda juma yenye kuja, mama. Daktari hajaruhusu."

Akaachia mkono wangu. Hakuomba tena.

Alikufa Jumapili asubuhi, juu ya kitenge chake, kengele za kanisa zikilia mjini. Nikapiga yowe. Kwetu mwanamke aliyefiwa hupiga yowe ili majirani waje, na wakija wanatoa viti nje, wanatandika mikeka, wanakaa nawe chini. Nilipiga yowe kama nilivyoona mama akimpigia baba yetu, na nikangoja miguu kwenye ngazi. Miguu ilikuja. Alikuwa mlinzi. Alivua kofia, akasema pole, kisha akaniambia kwa huruma kabisa kwamba wapangaji wanalalamika, ninyamaze kidogo. Nikanyamaza. Nikakaa sakafuni kati ya makochi, peke yangu, nikalia mdomo ukiwa kwenye taulo ya nyumba.

Makaratasi ya kuvusha maiti yalichukua siku mbili. Tulipofika Uvira kilio kilikuwa kimeshawaka: moto uani, wanawake juu ya mikeka, watu kutoka Makobola mpaka Luvungi. Mama mdogo, mdogo wake marehemu, alinivuta karibu, uso wake kwenye uso wangu, na wanawake waliotuzunguka wakanyamaza wasikie.

"Niambie ukweli," alisema. "Dada yangu aliomba kurudi?"

"Hapana," nikasema. "Alipapenda kule. Kila siku alikuwa anaangalia milima."

Akashusha pumzi ndefu, akasema Mungu asifiwe, akawageukia wenzake akawaambia. Wakawaambia wengine. Kabla ya jua kuzama, kaka yangu alinipigia simu akilia kwa shukrani, maana habari ilikuwa imemfikia. Kesho yake mchungaji aliirudia makaburini, kwamba mama yetu ameondoka ametosheka, hakudai kitu, na watu wote wakasema amina, nami nikasema amina pamoja nao.