Tovuti Niliyomtengenezea Baba

Baba yangu ni fundi wa chokaa. Nyumba nyingi za mawe za Mkomani, mtaa wa kale wa kisiwani kwetu, zimepita mikononi mwake: kuta zilizovimba kwa chumvi, dari zilizoanza kudondoka, na zaidi ya yote zidaka, vile vishubaka vya mapambo vinavyochongwa ukutani safu kwa safu kabla chokaa haijakauka. Kazi hiyo hutaka kisu kidogo na subira kubwa. Mimi binti yake subira sikuirithi.

Niliporudi kutoka Mombasa na cheti changu cha kompyuta, nilimkuta barazani kwetu Langoni, wiki nzima hajaitwa popote. Wenyeji walikuwa wamehamia saruji kwa sababu inakauka upesi. Wageni walionunua nyumba Shela walileta mafundi kutoka bara, kwa kuwa hawakujua kwamba mtu kama baba yuko, mwendo wa dakika chache tu kwa boti. Iliniuma. Nikamwambia nitamtengenezea tovuti. Akaniuliza kama tovuti itachanganya chokaa. Nikamwambia itawaita wenye kuta. Akacheka, akasema basi na iwaite.

Tovuti ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Picha zilijizungusha zenyewe, menyu ilikuwa na vichwa kumi na kimoja, na ukiifungua ilipiga muziki. Nilimpa mama simu nikamwambia, "Jifanye nyumba yako imepasuka ukuta, mtafute fundi." Mama akasogeza kidole juu, akasogeza chini, akavaa miwani, akavua miwani, mwisho akampigia baba kwa namba anayoijua kwa moyo. Baba akapokea akiwa chumba cha pili. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Nikaibomoa yote nikaanza upya. Nilijiuliza mwenye ukuta mbovu anataka nini hasa. Anataka kuona kazi, kumjua fundi ni nani na yuko wapi, kisha ampigie. Basi. Kitufe cha kupiga simu nikakiweka juu kabisa, kikubwa, kidole kisikikose. Picha nikazipunguza uzito, maana mtandao wa kisiwani ukiamua kulala hulala. Nikaandika maneno machache, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Zilizobaki ni picha zenyewe za kazi, na picha ndizo zilizoniponza.

Baba hakuwa na picha hata moja ya kazi yake. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kana kwamba nimesema jambo la aibu. "Fundi akitoka nyumba ya watu, mato yake huyawata mlangoni," alisema. Niliyasikia, kwamba macho huachwa mlangoni, nikayaweka katika fungu la maneno ya wazee. Tukapatana nipige picha za baraza, za kuta za nje na za nyumba tupu. Zilikuwa picha nzuri za kuta, lakini hazikumvuta mtu yeyote.

Siku hizo baba akaitwa na Bi mmoja wa Mkomani, mjane aliyetoka eda karibuni. Alitaka chumba chake cha ndani kitengenezwe. Katika nyumba zetu za mawe, ndani ndicho chumba cha mwisho, nyuma ya vingine vyote. Mgeni hafiki huko, na hata jamaa hawaingii ovyo. Bi aliwazaa wanawe humo, na mumewe alioshwa humo. Baba alikuwa akiingia chumba kile tangu ujana wake, kila chokaa ilipoanguka, na Bi hakuwahi kumwita fundi mwingine. Alikuwa akimwambia kila mtu kwamba fundi wake akiingia kwake huwa kipofu. Baba akiyasikia maneno hayo hujifanya hakusikia, lakini siku hiyo hula vizuri.

Kazi ilipokwisha, Bi aliniita mimi. Ana binti yake anayeishi ng'ambo, akataka aone jinsi chumba cha babake kilivyopendeza. "Mpigie picha umtumie, mwanangu. Wewe ni mtu wa nyumbani." Nilipiga. Jua la saa nne liliingia kwa kidirisha cha juu, na kila ua alilolichonga baba likapata kivuli chake. Katika zidaka mlikuwa na sahani za zamani na vitabu vya dua. Pembeni palikuwa na kitanda, na juu ya mto kofia ya marehemu. Nikamtumia binti. Kisha nikakaa na picha ile, nikijua fika kwamba nimepewa kwa ajili ya macho ya mtu mmoja.

Nikaiweka mwanzo wa ukurasa. Nilijiambia haina uso wa mtu. Nilijiambia Bi haingii mtandaoni. Nilijiambia baba hataiona. Mwenye kutaka kuiba hakosi hoja.

Na tovuti ikafanya kazi, tena vizuri mno. Simu zikaanza kuingia kutoka Shela, kutoka kwa watu waliosema wanataka kuta kama zile za pichani. Baba akapata kazi mpaka nyingine akazikataa. Mama akanisifu kwa majirani. Nyumba moja ya kulala wageni ikaichukua picha ile ikaiweka kwenye ukurasa wake bila kuniuliza, ikaandika na mtaa na mlango, na wengine wakavichukua vyote kutoka huko. Mungu anisamehe, mimi nilifurahi. Nikaona kazi ya baba inatembea.

Asubuhi moja wageni wawili wakafika kwa Bi na simu mkononi. Mlango ulikuwa wazi, mtumishi ametoka kidogo kwenda sokoni. Wakapita. Sidhani walikuwa watu wabaya, walidhani ni mahali pa kutazamwa kama makumbusho. Walikwenda chumba baada ya chumba mpaka wakafika ndani, wakamkuta Bi ametoka kuoga, nywele mbichi mabegani.

Alimwita baba siku hiyo hiyo. Nilifuatana naye. Bi alizungumza nyuma ya pazia, na sauti yake haikuwa na hasira, afadhali ingekuwa nayo. "Fundi, sikukuita kwa ugomvi. Watu wameniingilia hata ndani, niko kitwa wazi. Wasema wamekiona chumba changu kwenye simu." Baba hakuelewa. Akanigeukia ili nimsaidie kuelewa, akaniona nimeinamisha uso, na hapo akaelewa.

Njia nzima alisema neno moja. "Ifute."

Nikaifuta hata hajavua viatu. "Imetoka?" akauliza.

"Imetoka, baba."

Ilikuwa imetoka kwetu. Nilijua kwamba bado iko kwenye ukurasa wa ile nyumba ya wageni, na kwingine kuwili nilikokuona kwa macho yangu. Niliwaandikia wote siku ile nikiwasihi, na hakuna aliyenijibu. Ningemwambia baba hayo. Ningemwambia kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na ya mtandaoni ndiyo kabisa. Lakini niliona uso wake umelegea kidogo, uso wa mtu aliyepata la kwenda kusema, nikanyamaza. Niliogopa. Sina jina jingine la kuliita jambo lile.

Baba si mtu wa kuapa. Hata akibishania bei ya mfuko wa chokaa, husema neno lake mara moja akanyamaza, na watu wa mji huu wamezoea kwamba hilo moja linatosha. Ijumaa baada ya sala ya alasiri alivaa kanzu akaenda kwa Bi. Kaka yake Bi alikuwepo. Mambo ya huko niliyapata baadaye kwa mama, naye aliyapata kwa wanawake wa nyumba ile. Baba alisema wallahi, picha imefutwa, haipo tena. Kaka mtu alitoa simu mfukoni, akatafuta, akamwonyesha. Kitanda kilikuwepo, na kofia juu ya mto.

Bi akasema kutoka nyuma ya pazia, "Fundi, sasa sikuyui."

Nilikuwa uani nachambua mchele baba aliporudi. Alisimama mbele yangu kanzu yake haina hata doa. "Ulikuwa wayua?"

"Naam, baba, nilijua."

Nilitamani anipige. Alikwenda chumbani, akaivua kanzu, akaikunja.

Kesho yake alianza kufunga. Akafunga siku tatu mfululizo, na joto la mwezi ule, na bado anapanda ngazi na ndoo ya chokaa. Mama aliniambia kwamba alikwenda kwa shehe wa msikiti kuuliza kafara ya kiapo, ile saumu ya siku tatu ya kulipia neno lisilo kweli, na shehe akamjibu kwamba hana kafara wala dhambi, kwa kuwa aliapa akiamini anasema kweli. Baba alimshukuru, akafunga hata hivyo. Nilidhani ni ukaidi wake.

Magharibi ya siku ya tatu nilimpelekea tende na uji. Nikajikaza nikamwambia, "Baba, shehe amesema huna dhambi."

Alitafuna tende yake akaimaliza, akaweka kokwa ukingoni mwa sahani. "Yangu sina," alisema. "Hizi nimekufungia wewe."

Nikalia pale pale, mtu mzima mimi. Alinishika kichwa akaniambia nimimine na uji wangu kabla haujapoa.

Bi hakumwita tena, na nyumba nyingine za Mkomani nazo zikaacha moja moja. Hakuna aliyemtukana. Wakikutana njiani wanamwamkia, wanamuuliza hali, wanapita. Zile kuta alizozijua tangu ujana wake zinapakwa sasa na watu wengine, baadhi kwa saruji, naye akipita huzitazama kwa nje. Kazi zake ziko Shela, kwenye nyumba ambazo wenyewe huja mara moja kwa mwaka. Analipwa vizuri. Nilitaka kuifunga tovuti, akanikataza, akasema watu wa nyumbani watakula nini.

Kwa hivyo ipo, na ni mimi ninayepokea ujumbe wa wateja na kumpangia siku. Baba ananipenda, hilo sina shaka nalo, na jambo lile hajalitaja tena hata mara moja. Lakini nikimwambia kuna mteja anayemtaka Jumanne, husema, "Ahsante, mama." Kisha hutoka barazani na simu yake, nami nikiwa dirishani humsikia akimuuliza mteja kama kweli ni Jumanne.