Sauti ya Mwitaliano

Harufu ya karanga za moto ilinirudisha jana kwenye chumba cha video cha mtaa wetu wa Mbugangari, Jumapili baada ya misa. Mjomba alikuwa anazima sauti ya filamu na kuwasemea waigizaji wote kwa Kiswahili. Tulimpenda Mwitaliano mmoja: leo jambazi, Jumapili nyingine padri, nyingine mzee kipofu. Huyo akianza kulia, mjomba alinyamaza.

“Anasema nini?” mama muuza karanga alimuuliza.

“Hasemi kitu. Huyu mutu alianzia kazi kwenye jukwaa la michezo ya kuigiza. Bon, mi niongeze nini? Muangalie uso.”

Tukaangalia, na mama akasahau karanga zake.

Jana hiyo hiyo jioni nikamtafuta yule Mwitaliano kwenye simu. Amezeeka, bado ni fundi. Kwa mara ya kwanza nikamsikia akiongea mwenyewe, nikaona kama wamempa sauti ya mtu mwingine, si ile ya mjomba.