Zamu ya Minza

Wiki iliyopita mpishi wetu aliunguza uji. Haukuungua sana, ulishika tu chini ya sufuria, lakini harufu ya mtama ulioungua ilitoka jikoni ikapita barazani na kunikuta nimechuchumaa, namfunga mtoto kamba za viatu. Nikasahau nilipo. Yule mtoto alinivumilia kwa muda, halafu akaniambia kwa upole, "Dada Leti, huo mguu ni wa Baraka."

Kazi yangu ndiyo hiyo. Nakaa na watoto wa watu tangu wanapotoka shule mpaka wazazi wao watakapotoka kazini, hapa hapa Nyegezi, katika kituo chenye uzio, bembea mbili na daftari la kuandika nani kaja kumchukua nani. Watu huniuliza nilisomea wapi. Cheti ninacho, kimetundikwa ukutani. Ila kazi yenyewe niliiona kwanza uani kwa Mama Doto, ambako uji uliungua kila siku iendayo kwa Mungu na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Mama Doto hakuwa na bembea wala daftari. Alikuwa na ua wa udongo uliofagiliwa vizuri, kigoda kimoja na sauti iliyofika hadi barabarani. Mama zetu wengi walikaanga mapanki sokoni, yale mabaki ya sangara, kichwa na mifupa, na ukitoka shule saa sita huwezi kukaa kwenye moto wa mafuta mpaka jioni. Basi tulikwenda kwa Mama Doto. Tulikunywa uji, tukalala kidogo kwenye mkeka, kisha tukaachiwa ua tucheze. Yeye alikaa kwenye kigoda chake akichambua dagaa na kutuangalia, na sisi tulidhani anaangalia dagaa.

Sheria zake zilikuwa chache. Mojawapo ilikuwa kwamba mtoto hatolewi katikati ya mchezo. Mama yangu mwenyewe alikuja mara nyingi akiwa amechoka hoi, akaambiwa akae kwenye jiwe mpaka zamu yangu iishe. Alikaa akinung'unika, lakini viatu alikuwa ameshavivua. Nadhani kwa mama wengi ile ndiyo ilikuwa nafasi yao pekee ya kupumzisha miguu kwa siku nzima.

Mimi Mama Doto aliniita Redio, kwa sababu kila jambo nililitangaza. Nani kajikojolea, nani kaficha kipande cha muhogo, yote yalikuwa yanapatikana kwangu. Nilikuwa na miaka tisa na nilijiona najua kila kitu.

Rafiki yangu mkubwa, na adui yangu mkubwa, alikuwa Minza. Kwenye rede alikuwa hapatikani. Kwa msiowahi kuucheza mchezo huo: wawili wanasimama huku na huku na mpira wa mifuko ya nailoni, mmoja yuko katikati, anajaza chupa mchanga kwa mikono huku akikwepa mpira. Akipigwa, au chupa ikijaa, zamu yake imekwisha. Minza alikuwa mwembamba, miguu mirefu, na alikwepa bila hata kuinua macho kwenye chupa yake. Mimi nilikuwa na mkono wenye nguvu, kila mtu alisema hivyo, lakini Minza sikuwahi kumpiga hata mara moja. Jambo hilo lilininyima raha kuliko njaa.

Kulikuwa na mambo yake ambayo sikuyajua, na ni vizuri niwaambie sasa. Baba yake Minza alikuwa mtu wa Misungwi, na alikuwa amefariki. Alipomuoa mama yake alitoa ng'ombe, kwa hiyo watu wa ukoo wake walihesabu kwamba mtoto ni wao, akakae na bibi yake, achote maji, asaidie. Mama yake alikataa. Alimbeba Minza akaja naye Nyegezi, akaanza kukaanga mapanki kando ya mama yangu. Kila asubuhi, akipita kwenda sokoni, alimwambia Mama Doto maneno yaleyale: "Wakija, niite."

Walikuja alasiri moja ya jua kali. Alikuja mmoja tu, mdogo wa marehemu, mwanamume mpole aliyevaa shati safi na kushika kofia mkononi. Alisimama pale penye upenyo wa ua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

"Minza yupo?"

Mama Doto aliacha kuchambua dagaa. "Yupo."

"Nimemfuata. Bibi yake anamtaka nyumbani."

"Mama yake anajua?"

"Mama, huyu mtoto ni wa ukoo. Ng'ombe walitoka, hata yeye anajua."

Alivyosema hakukuwa na ukali wowote. Mama Doto alifuta mikono kwenye khanga, akamnong'oneza Doto, binti yake mkubwa, na Doto akatoka mbio. Nilimwonea wivu Doto, nikidhani katumwa chapati za mgeni. Kisha Mama Doto akamsukumia yule bwana kigoda chake mwenyewe, kitu ambacho sijawahi kumwona akikifanya kwa mtu yeyote.

"Kaa, baba. Hapa kwangu mtoto hatolewi katikati ya mchezo. Akipigwa, mtaondoka."

Yule bwana alicheka, akakaa.

Minza alikuwa katikati, na upande mmoja nilikuwa mimi. Mpira ukaendelea. Sijawahi kumwona mtu akicheza vile. Aliruka, alijikunja, alilala chini akainuka na vumbi mgongoni, na chupa hakuigusa kabisa. Nilimpigia kelele, "Jaza chupa wewe, unacheza gani huo?" Kijasho kilimtiririka, na kila alipogeuka aliitazama ile njia ya sokoni. Mama Doto naye aliitazama. Halafu akanitazama mimi.

Alinikazia macho kwa muda mrefu. Nami, kwa akili zangu, nikaelewa kwamba mbele ya mgeni ananitaka nionyeshe uwezo wangu. Nikavuta pumzi. Nikangoja Minza ageuke tena kuitazama ile njia, nikarusha kwa nguvu zangu zote, nikampiga katikati ya mabega.

Nilirukaruka ua mzima. Nilitangaza. Nilipotulia, Minza alikuwa amesimama palepale, na yule bwana ameshainuka anavaa kofia. Alimshika mkono bila kumvuta. Minza alimpa Mama Doto shikamoo, ambayo haikuwa salamu ya kuagia, ila nadhani alikosa neno jingine. Wakaenda kwa njia ya kituo cha mabasi.

Uji wetu wa jioni ulikuwa haujapoa mama yake alipofika. Alikuwa na kiatu kimoja, Doto nyuma yake analia. Alituhesabu kwa macho, akageuka akakimbilia kituoni. Basi la Misungwi lilikuwa limeshaondoka.

Alikwenda kumfuata mara nyingi. Kule alipokewa vizuri, akapikiwa, akalala na mwanawe kitanda kimoja, na asubuhi akasindikizwa barabarani peke yake. Misungwi si mbali, na hilo ndilo lililomtesa. Mwisho akafunga vyombo vyake akaenda kukaa kulekule alikokukimbia. Kwangu mimi, wakati huo, habari ilikuwa kwamba nimempiga Minza na hakuna wa kurudiana naye.

Nilielewa mwaka wangu wa pili kazini. Alikuja baba mkubwa wa mtoto mmoja na barua ya serikali ya mtaa, kila kitu kimekamilika, muhuri upo. Nikajisikia nikisema, "Mwacheni kwanza amalize kucheza." Macho yangu yalikuwa getini kumtazamia mama yake. Nilikuwa sichezeshi watoto tena, nilikuwa navuta muda, na muda wenyewe ulikuwa mikononi mwa mtoto mwenye mpira. Nikakumbuka yale macho ya Mama Doto. Ilinibidi niingie stoo nikae chini.

Mama wa yule mtoto alifika. Waligombana, wakaondoka wote watatu wakizozana, na mtoto yule sikumwona tena.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilikwenda kwa Doto, ambako Mama Doto anaishi siku hizi. Macho yamefifia lakini sauti ipo. "Marahaba, Redio," aliniitikia, hata kabla sijajitaja. Nikamweleza yote, mpaka nilivyorukaruka. Nilimwomba radhi. Nilitaka aniambie nilikuwa mtoto, yaishe.

"Kumbe ulimpiga wewe?" akauliza.

"Ni mimi, mama."

"Hilo silikumbuki hata kidogo." Alipapasa pindo la khanga yake. "Mimi nakumbuka aliniuliza, Minza yupo? Nikamwambia yupo. Alinisalimia vizuri, Leti. Mtu kakusalimia vile, unamwambiaje hayupo?"

Miaka yote hiyo mimi sijui nimefanya nini, na yeye anajua alichofanya mwenyewe, na hakuna siku amelala bila kulijibu upya lile swali la yule bwana. Utotoni niliamini kuna umri mtu akiufikia anakuwa anajua la kufanya. Mama Doto nilimhesabu wa kwanza katika hao.

Akaninyooshea mkono, nikaushika.

"Wewe umesomea mambo haya," akasema. "Hebu niambie mwanangu. Ningefanyaje?"

Nilipitia yote niliyofundishwa, daftari, sahihi, barua, namba za simu za kupiga. Alikuwa anangoja, uso kaugeuzia kwangu.

"Sijui, mama," nikamwambia.