Bakuli Halirudi Tupu

Mama alinipiga kofi moja tu maisha yangu yote, na lilikuwa kofi la bakuli. Jirani alituletea futari, nikatumwa kurudisha chombo, nami nikakirudisha kimeoshwa, kinang'aa, hakina kitu. Niliporudi alinipokea mlangoni. "Umemrudishia mwenzio tupu? Watu watasema nimezaa nini?" Nikarudi mbio kwa jirani na vitumbua vinne, shavu linawaka. Tangu siku hiyo chombo cha mtu hakitoki kwangu kitupu, iwe Tanga iwe London, hata kama cha kutia ni ndimu moja.

Naanza na kofi hilo kwa sababu mama alipofariki ndilo nililolikumbuka, na hata kumbukumbu yake haikuniuma.

Alifariki Julai, alfajiri. Simu ya dada yangu ilinikuta namsuka binti yangu nywele za shule. "Mama katutoka," akasema. Nikasema, "Inna lillahi." Kisha nikamalizia mistari mitatu iliyobaki, nikampaka mtoto mafuta, nikampeleka shule. Alasiri walimzika. Mimi sikwenda, na nisingeweza kwenda: kibali changu cha kukaa kilikuwa kimekwisha, ombi jipya liko uhamiaji mwaka wa pili, pasipoti wanayo wao, na ukitoka nchini umelifuta ombi lako mwenyewe. Nina mtoto wa miaka kumi aliyezaliwa huku, Kiswahili anakisikia chote na anajibu kwa Kiingereza. Nikabaki.

Kubaki dada alinisamehe. Ambalo hakunisamehe ni kwamba sikulia. Siku ya kuanua matanga walinipigia simu ya video, sebule imejaa shangazi na majirani, simu inapitishwa mkono kwa mkono ili kila mmoja alie nami. Mimi nikawatazama. Nilitaka kulia, wallahi nilijikamua, hakikutoka kitu. Nikauliza kama maji hayajakatika. Hee! Dada akainyakua simu, akatoka nayo uani. "London imekula moyo wako," akaniambia. "Siku ukimlilia mama yako, ndiyo unitafute. Kabla ya hapo usinipigie." Dada yangu ni mkubwa kwangu, na ni mtu wa neno lake. Nilipiga mara nne, hakupokea. Nikatuma ujumbe wa sauti, akausikiliza asijibu.

Sikumlaumu. Nilikuwa na ganzi, ile ya mkono uliolaliwa, unaushika unaona kama wa mtu mwingine. Nilipika, nilifua, nilimsimamia mtoto kazi za shule. Nikaogopa jambo moja tu: kwamba nitabaki hivyo hivyo, nimempoteza mama na dada kwa mkupuo mmoja, na hakuna nilichosikia.

Jumatano nilizoea kwenda kwenye kituo cha Wayahudi, ukumbi ulio nyuma ya sinagogi yao, basi moja kutoka kwangu Kingsbury. Wanasaidia wahamiaji na familia zilizokwama: mwanasheria wa bure, sare za shule, chai. Chai aligawa bibi mmoja wa karibu miaka themanini, mfupi, mkali, aliyezaliwa hapa na wazazi waliokuja wakikimbia. Salamu yake ilikuwa "Umekula?" Ukimwambia ndiyo, anakukatia mkate vilevile. Tulielewana, maana na mimi kubembelezana siwezi. Lakini habari ya mama sikumwambia, wala mtu yeyote pale. Ningeanzaje? Niseme mama kafa, halafu nikae macho makavu kama mnafiki?

Septemba nikaacha kwenda Jumatano mbili. Jumatatu moja mchana kengele ikalia. Ni yule bibi, kapanda ngazi zote, anahema, kabeba boksi.

"Mwaka mpya," akasema.

Mwaka mpya Septemba! Nikadhani ananitania. Kumbe wao mwaka wao unaingia majira hayo, na kila familia ya kituoni hupelekewa boksi lake: matufaa, asali, mkate wa mviringo. Tufaa unalichovya kwenye asali ili mwaka uwe mtamu. "Na hii inatoka kwangu mwenyewe," akaongeza, akatoa bakuli la udongo, la bluu, limemeguka kidogo ukingoni, ndani mna keki ya asali. "Vyombo vyangu vya keki vimekwisha vyote. Hili nirudishie. Lilikuwa la mama yangu."

Akanitazama sana. "Unaumwa?"

"Mzima."

"Haya," akasema, kwa sauti ya mtu asiyeamini, akaanza kushuka ngazi.

Keki mtoto aliimaliza siku ileile. Bakuli likabaki mezani, na mikono yangu ikajua la kufanya bila kuniuliza. Jumanne nikatoa kwenye friza nyama ya mbuzi niliyogawiwa Idi, nikashuka kwa Mhindi wetu mwenye duka hapo chini, mzaliwa wa Kisumu, anipimie bizari. "Leo sherehe gani, mama?" akaniuliza kwa Kiswahili chake. Nikamwambia narudisha bakuli la watu. Akaelewa, akaniongezea iliki bure. Jumatano asubuhi nikapika biriani ya mama, nyama imelala kwenye mtindi usiku kucha, vitunguu vimekaangwa hadi vikawa vyekundu. Sikuonja. Nikaipakua ingali ya moto, nikafunga foili na taulo juu yake, nikapanda basi nimelipakata bakuli.

Ukumbini walikuwa wakifunga maboksi ya mwisho, sikukuu inaingia jioni. Nikapitiliza hadi jikoni kwao, mzigo wangu mkononi, najiona mtu wa maana.

"Usiweke hapo!" Mama mmoja wa jikoni alipiga kelele mpaka ukumbi mzima ukageuka.

Nikasimama kama nguzo. Bibi akaja, akafunua foili, mvuke ukamtia ukungu kwenye miwani.

"Nyama?"

"Ya mbuzi."

"Na maziwa?"

"Mtindi. Ndiyo biriani yenyewe."

Akafunika taratibu.

Usilolijua ni usiku wa kiza. Nilijua hawali nguruwe, nikajipa moyo kwamba halali yao na yetu ni moja. Sikujua kwamba kwao nyama na maziwa haviingii chungu kimoja, wala kwamba chakula kilichopikwa jiko lisilo lao hakiingii jikoni mwao, hata kiwe kitamu vipi. Na udongo ndio mbaya zaidi, bibi akanieleza. Sufuria ya chuma utaichemsha itakasike. Udongo ukishanyonya, umenyonya. Bakuli la mama yake halingeweza kurudi tena jikoni kwake. Aliyasema hayo bila kupandisha sauti. Afadhali angenitukana.

"Nilikuomba bakuli tu," akasema. "Chakula ulitia cha nini?"

"Mama yangu angenipiga ningelirudisha tupu."

"Mama yako yuko wapi?"

"Amekufa." Sikuwahi kulisema kwa Kiingereza. Ni neno fupi mno. "Julai. Sikwenda kumzika."

"Nani alikaa nawe matanga?"

"Hakuna."

"Chakula chako cha kwanza baada ya kupata habari, nani alikuletea?"

Nikafikiri kweli kweli. "Nilijipikia. Chai na mkate."

Hakusema pole. Alikunja uso kama mtu aliyeoneshwa kazi iliyoharibiwa na fundi. Akaniambia nikaitoe biriani nje. Kina mama wawili wa Kisudani waliokuwa wakimngoja mwanasheria wakaila palepale kwenye benchi, wakauliza kama sina ndimu. Mimi nikalisugua bakuli kwenye bomba la uani, nikijua fika kwamba haisaidii.

Bibi akanikuta hapo bombani. Alikuwa na mayai mawili ya kuchemsha mkononi. Akayatia ndani ya bakuli, akalisukuma kifuani kwangu.

"Ni lako sasa. Kwetu mfiwa hali chakula chake mwenyewe mlo wa kwanza. Jirani humletea yai. Yai halina mdomo, na mfiwa hana maneno. Umechelewa miezi miwili, basi umechelewa. Nenda nyumbani, ukae chini sakafuni, ule." Akageuka, kisha akanirudia. "Na halirudi tupu. Si ndivyo alivyokufunza?"

Nilipofika nilikaa chini, mgongo ukutani, bakuli mapajani. Mtoto akarudi shule akanikuta hivyo. Akaniuliza kwa Kiingereza chake kwa nini nimekaa sakafuni. Nikamwambia, "Kaa." Akakaa. Nikamenya yai moja nikampa, nikamenya la pili nikaling'ata.

Kidole kikapita pale ukingoni palipomeguka. Palikuwa laini. Miaka yote hiyo kimepita hapo kidole cha mama wa mtu, akiosha, na binti yake amenipa mimi, mtu baki, niliyemharibia. Mimi cha mama yangu sina hata kijiko. Na kile nilichokuwa nikikikamua tangu Julai kikaja chenyewe, kwa sauti, kilio cha kwetu hasa, cha kuita, "Mama weee, mama!" mpaka nikasikia kiti kikisogezwa dukani chini.

Mtoto hakuwahi kuniona hivyo. Alirudi nyuma mpaka kitandani. Kisha akaichukua simu yangu, akambonyezea dada yangu ujumbe wa sauti, na nikamsikia akisema kwa Kiswahili, neno moja moja, kama anayevuka barabara peke yake:

"Mama mkubwa, mama analia. Njoo."

Haikupita dakika, simu ikaita. Dada hakutoa salamu.

"Msogezee simu," akamwambia mtoto. "Nimsikie."