Aliyenitangulia Kutembeza Mbwa

Anayetaka kucheka acheke sasa amalize. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, saa nne asubuhi, jua linawaka, nimeshakunywa chai yangu na mkate, sina homa, na pombe sijawahi kuigusa. Shule niliishia darasa la nne kule Muheza, kwa hiyo msitafute maneno makubwa hapa. Majina ya watu mtayapata, maana nitawataja.

Kazi yangu hapa Joburg ilikuwa kutembeza mbwa. Ndiyo, mbwa! Mimi, mtoto wa mwalimu wa madrasa. Kila jioni nikirudi chumbani Bertrams nilikuwa naosha mikono mara saba, moja kwa udongo, na udongo wenyewe niliuweka kwenye kopo la majarini nyuma ya mlango. Wenzangu walinicheka mpaka machozi. "Bwana Mbwa huyo kaingia, ficheni nyama!" Aliyeongoza kucheka ni Selemani, fundi viatu, mtu wa kwetu kabisa, magodoro yetu yamegusana miaka mitatu. Na Selemani huyo huyo ndiye aliyenitafutia hiyo kazi. Alikuja siku moja akaniambia, "Kaka, kuna nafasi imepatikana kule mtaa wa juu, wahi kabla hawajaja Wamalawi." Nikamshukuru. Nilimshukuru sana, Mungu anisamehe.

Mtaa wenyewe una geti na mlinzi. Nyumba tatu, mbwa sita. Mkubwa wa wenye nyumba wote ni Madam Lorraine, mwenye mbwa wawili. Siku ya kwanza aliniambia kwamba zamani mbwa walikuwa saba. Wa saba alikuwa kadogo, keupe, kanaitwa Dachesi. Mtu aliyekuwa anawatembeza kabla yangu aliwaachia wengine warudi getini peke yao, akatoroka nako akakauza. Picha yake, akasema, imo kwenye grupu la simu la mtaa mzima, na chini yake imeandikwa mwizi. Mimi simu yangu ni ya tochi, hiyo picha sikuiona. Nikatikisa kichwa tu, yes madam, yes madam.

Nitasema na hili: njia ile niliipenda. Watu wa kwetu wanaijua Joburg ya maghorofa na robot, zile taa za barabarani, na kusukumana. Hawajui kwamba ukishuka kule nyuma ya nyumba za wakubwa kuna bustani ya bembea, halafu kijito na daraja la mbao, halafu msitu wa mikaratusi unanuka kama dawa ya kuchua kifua, na ukitokeza upande wa pili ni bwawa, kubwa, lina matete na bata bukini wenye kiburi kama maafisa. Wakati wa baridi nyasi zote ni njano, maji yametulia, unasikia hata pumzi yako. Nilikuwa nazunguka huko kwa muda wa saa mbili kila siku na nikasahau kwamba mimi ni mgeni.

Ila palikuwa na jambo moja. Unapotoka msituni kuna gati dogo la mbao, limeanguka nusu, limelalia matete. Tukifika hapo, mbwa wote sita wanakaa chini. Hawabweki wala hawanusi. Wanakaa kwa matako, kama watoto darasani, wanatazama maji. Uvute kamba, useme, utukane, hawaondoki mpaka watake. Nikadhani wamefundishwa. Wewe ungedhani nini?

Wiki ya tatu nikakuta mtu amesimama pale.

Mtu mzima, ovaroli ya kijani, gambuti nyeusi. Alinyoosha kidole kimoja tu na mbwa wakakaa, halafu mikia ikaanza. Niaminini, sijaona mbwa wamemfurahia mtu namna ile, na hakuna hata mmoja aliyetoa sauti. Akanisalimia kwa Kiswahili cha upande wa Karonga, kule Malawi, kile cha kuvutavuta.

"Wewe ndiye mpya?"

"Ndiye mimi. Na wewe?"

"Mimi nilifanya kazi kule juu." Nikajua ni mtunza bustani. Akanyoosha mkono, nikampa kamba zote. Kwa nini nilimpa? Sijui. Tukazunguka bwawa pamoja, yeye mbele, mimi nyuma kama msaidizi wake. Akawa ananifundisha. "Huyu wa kahawia mnafiki, anajifanya kuchechemea ili umbebe. Huyu mwenye doa sikio la kushoto linamuuma, usimguse hapo. Na huyu bibi mnene, ukimwacha anakula mavi ya bata."

Nikacheka. Nilikuwa sijacheka na mtu siku nyingi.

Tulipokaribia tena gati akauliza, "Wanasemaje kule juu kuhusu yule aliyekutangulia?"

"Mwizi," nikasema. "Kaondoka na mbwa wa madam, kamuuza."

Mbwa mwenye doa akaanza kulia kidogokidogo.

"Na wewe unasemaje?"

Hapa ndipo panaponiuma hadi leo. Nilisema, "Mimi simjui, lakini mtu akitoroka ana lake."

Akanitazama, si kwa hasira. Kisha akaniuliza kama vile anauliza habari ya nyumbani: "Selemani hajambo?"

"Unamjua Selemani?"

"Tulionana hapa. Alikuwa amekaa kwenye jiwe lile, anavua samaki. Msalimie. Mwambie aseme."

Akanirudishia kamba. Zilikuwa zinachuruzika maji, zote sita, na siku ile hakuna mbwa aliyeingia majini. Nikainama kuzipangusa kwenye nyasi. Nilipoinuka nilikuwa peke yangu. Sikukimbia. Nilijiambia ameingia msituni kukojoa, mtu mzima ana haki yake.

Getini mlinzi alikuwa Papa Dieudonné, Mkongomani wa Uvira, mzee wa kanisa, mtu asiyejua utani. Pale kibandani kwake unaona bwawa chini, isipokuwa upande wa gati uliofichwa na msitu. Akaniita, na yeye kila mwanaume humwita Papa.

"Papa, ule ulikuwa unatembea naye pale chini ni Wiseman, non? Alirudi lini?"

"Wiseman nani?"

"Ule wa mbele yako! Ule wanasema aliiba imbwa."

Sasa niambieni, wanaume wawili, mmoja Muislamu, mmoja mzee wa kanisa, wamemwona mtu yule yule mchana kweupe: wote wawili wameota?

Jioni ile sikunawa mikono. Niliingia na ule unyevu wa kamba bado viganjani, nikasimama mbele ya Selemani, kiatu cha mtu kiko mapajani mwake.

"Wiseman anakusalimia. Anasema useme."

Sindano ilimwingia kidoleni na hakuisikia. Alilia kwanza, ndipo akasema. Siku ile alikuwa kwenye jiwe anavua. Kale kambwa keupe kalimkimbilia bata, kakaruka kwenye lile gati, mbao zikavunjika kakaenda chini. Wiseman akakafuata na kamba mkononi. Kuogelea hajui. Aliita mara mbili. Selemani akaokota ndoano yake akaondoka.

"Ningepiga kelele wangekuja polisi," alisema. "Mimi sina makaratasi, kaka."

"Na kazi? Ukaja ukanipa mimi kazi yake?"

"Nilikuwa nakuonea huruma. Ulikuwa na njaa."

Nilimwambia twende pamoja. Akanishika miguu. Alisema nitafukuzwa, na yeye atarudishwa kwao kwenye ndege, na aliyekufa amekufa. Usiku wa manane nilisikia anafunga begi. Mpaka leo sijamwona. Selemani, mtoto wa mzee Kihiyo, kama unasoma hapa, ni wewe huyo huyo ninayemsema.

Asubuhi nilikwenda kwa Madam Lorraine kwanza. Nikamweleza kwa kile Kiingereza changu cha kuokoteza. Akasema nimetumwa na mwizi ili nimsafishe, akachukua kamba mikononi mwangu, akafunga mlango. Kazi ikaishia hapo. Nikaenda polisi, na Papa Dieudonné akaacha kibanda akanifuata na Biblia kwapani. Waliandika, wakatutazama, wakaandika tena. Siku ya pili wapiga mbizi wakashuka.

Alikuwa chini ya lile gati, mbao zimemlalia, amekaa huko miezi mitatu. Kamba imezungushwa kiganjani mara tatu. Na upande mwingine wa kamba, Dachesi. Hakumwachia. Mwizi gani anakufa hivyo?

Sasa sikilizeni uchungu wangu. Dachesi alizikwa wiki ile ile, kwenye bustani ya madam, chini ya jiwe lililochongwa jina. Wiseman alilala mochwari wiki nne akisubiri mtu wa kumtambua, mpaka sisi na Wamalawi wa Joubert Park tukachanga tukampata kaka yake. Na ile picha kwenye grupu? Nilikwenda getini kwa madam mara tano kumwomba aifute. Mara ya tano aliniambia kwa spika ya ukutani kwamba mambo hayo yameshapita. Hayajapita, Lorraine. Picha ipo, neno lipo.

Tangu siku ile kila mbwa ninayempita anakaa chini. Mbwa wa polisi, mbwa wa jalalani, wale wakali wanaorukia kuta: nikipita wanakaa na kunyamaza, wanatazama pembeni yangu kidogo, bega la kulia. Watu wameniogopa. Shehe mmoja alitaka kunisomea ili hicho kinachonifuata kinitoke. Nikamwambia hapana. Kwa nini kinitoke? Kina kosa gani?

Wameniambia nisirudi bwawani. Naenda kila Jumanne saa nne, kwa miguu yangu, bila kamba, nazunguka lote, na walinzi wapya wa getini wakiniuliza nafanya nini nawaambia jina lake na jina la aliyemwita mwizi. Waite wanayetaka kumwita.

Na wewe unayesoma, uliyetoka kwenu juzi, unayelala kwenye godoro la kuazima. Siku moja mtu wako atakuja anacheka, atakwambia kuna nafasi imepatikana. Usiseme asante. Muulize kwanza aliyekuwepo yuko wapi, na umtazame usoni wakati anajibu.