Firigisi ya Mgeni wa Chumbani

Jamani, nichekeni tu. Mwenzangu wa ofisini Upper Hill anahama, akaniachia Chapo wikendi nione kama tutawezana. Chapo ni pagi, kale kambwa kafupi kenye uso wa mikunjo.

Jumamosi Mama akanitokea nyumbani kwangu Uthiru bila taarifa, na kuku wake kutoka Kakamega. Kwake mbwa ni wa nje, basi nikamficha Chapo chumbani. Akalala, akaanza kukoroma kama lori linalopanda mlima.

Mama aliacha kusonga ugali, akatabasamu. Alikuwa hajawahi kusikia mwanamume nyumbani kwangu. Niliona vibaya kumharibia furaha.

"Amechoka na kazi," nikasema. Mjinga mimi!

Kuku alipoiva, Mama alitenga firigisi. Kwetu hiyo huliwa na mwanamume wa nyumba. Kabla sijamzuia, alishafungua mlango wa chumba, ameinamisha kichwa kwa heshima.

"Baba, karibu chakula."

Chapo akatoka, akapiga chafya, akaketi miguuni pake.

Mama alimtazama, akanitazama. Kisha akachuchumaa polepole, akaweka sahani chini.

"Kula, baba. Niliomba Mungu mtoto wangu apate wa kukaa naye. Sikusema awe na miguu mingapi."